Taa Ambayo Ta' Ġorru Hawakuiwasha

Tuliopo katika ukumbi huu wa bendi ya Isla, leo tarehe 4 Machi 1958, kabla jeneza halijapelekwa kanisani, ni hawa wafuatao: Stella Tabone, binti wa marehemu, pamoja na mumewe Edgar Tabone, Daktari Alfons Carbonaro, aliyemtibu, Sista Benedikta, aliyemuuguza, Bwana Ruġġieru Sciriha, aliyefanya kazi naye katika bohari ya chelezo kwa miaka mingi, majirani wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, ambao wote nawaona, na kutoka kijiji cha Marsabajda, Bwana Ġiljan Bonello, Ta' Ċensa, mwenyekiti wa bendi ya huko, Bwana Fredu Psaila, Ta' Wardija, mvuvi, na Bwana Nazju Mifsud, Ta' Moħħa, kinyozi, ambaye ana umri wa miaka themanini na mitatu na amekuja kwa basi akiwa amesimama njia nzima. Marehemu aliniagiza niwataje mmoja mmoja, na wale wa Marsabajda niwataje kwa jina la ukoo na kwa lakabu ya nyumba, ile inayoanza na Ta', ili baadaye asiwepo wa kusema hakuwapo, au hakusikia.

Mimi ninayesoma ni Indrì Xiberras, mdogo wake, mwalimu mstaafu.

Marehemu Wistin Xiberras alizaliwa hapa Isla tarehe 14 Oktoba 1882, akiwa mtoto wa kwanza wa Salvatur Xiberras, seremala wa mashua, na mama yetu Ġiovanna, aliyezaliwa Ellul, katika nyumba ambayo haipo tena, kwani ilibomolewa na mabomu mwaka 1941. Alisoma shule ya serikali ya hapa hapa, kisha sekondari ya Valletta, ambako tulifundishwa kwa Kiitaliano asubuhi na kwa Kiingereza mchana, na lugha ya mama yetu tukaiacha mlangoni pamoja na kofia zetu. Alipenda ramani na historia za vita vya baharini, na walimu wake walimsifu kwa mwandiko wake, ambao ulikuwa mzuri hadi mwaka jana mkono ulipoanza kutetemeka.

Mwaka 1901 aliajiriwa kuwa karani katika bohari ya chelezo, pale meli zinapotengenezwa, akatunza hesabu za kamba, misumari, lami na vitambaa vya matanga, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na moja bila kuchelewa na bila kupandishwa cheo zaidi ya mara mbili. Wengi wenu mnajua kwamba hakuwa mtu wa kelele, hakupenda kusifiwa, na mtu alipomuuliza habari za kitabu chake alijibu kwa ufupi na kubadilisha mazungumzo. Vijana walidhani ni majivuno. Haikuwa hivyo.

Kitabu hicho, *Mateka wa Ghuba Nyeupe*, alikianza mwezi Septemba 1908, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na kilitoka kila Jumamosi kuanzia Januari 1909, kwa vipande thelathini na kimoja vya kurasa nane, katika kiwanda kidogo cha chapa cha rafiki yake mmoja pale Bormla, kikauzwa kwa peni moja. Kilisimulia habari za kijana mzamiaji aliyeitwa Karlu, ambaye kijiji chake kilivamiwa na maharamia, watu wakachukuliwa utumwani ng'ambo, naye akatoroka kwenye minyororo ya merikebu, akarudi baada ya visa vingi, akiwa na mama yake mgongoni na nusu ya kijiji nyuma yake. Kijiji hicho alikiita kwa jina lake halisi, Marsabajda, kwa sababu uvamizi wa namna hiyo ulitokea huko kweli, zamani za mababu wa mababu zetu, na kila nyumba ya kule ilikuwa na jina la mtu aliyechukuliwa na asirudi.

Kwanza niseme jinsi kitabu kilivyopokewa mjini, ingawa hilo ndilo lililomgusa kidogo kuliko yote. Waungwana wa Valletta walicheka kwamba karani wa misumari ameandika riwaya kwa lugha ya jikoni, gazeti moja likaandika kwamba mwandishi anafaa kupongezwa kwa kuwapa wauza samaki kitu cha kufungia samaki, na padri mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alihubiri dhidi ya kipande cha tisa kwa sababu Karlu anapewa maji na binti wa mlinzi wa gereza na kumshukuru kwa maneno matamu kupita kiasi. Baada ya mahubiri hayo kipande cha tisa kilichapwa mara tatu. Baba yetu, ambaye hakujua kusoma, alimwita Wistin akamwambia, "Mwanangu, mimi mashua zangu zinasifiwa na watu wanaopanda, si na wanaosimama gatini. Waliopanda wanasemaje?" Wistin akamjibu, "Wanauliza Jumamosi ni lini, Baba." Baba akasema, "Basi nyamaza, andika."

Waliopanda walikuwa vijijini. Wengi hawakujua kusoma, hivyo kitabu kilisomwa kwa sauti kwenye kumbi za bendi, Jumapili baada ya Misa, na pale Marsabajda msomaji alikuwa Bwana Nazju Mifsud, aliye hapa nasi, ambaye sauti yake ilisikika hadi kwenye mashua, na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alipofika mahali pa vita alikuwa akipanda juu ya kiti. Watu walilia, walipiga meza, wanawake walisimama nje madirishani, na wavuvi waliokuwa mbali walirudi mapema na nyavu tupu wasikose kipande. Sidhani kwamba katika visiwa hivi kitabu chochote kimewahi kupendwa hivyo na watu wasiojua kukisoma, na nasema hivi nikiwa mwalimu.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu aliniomba nisipite haraka.

Katika riwaya hiyo yupo msaliti, mtu wa kijiji chenyewe, ambaye anawasha taa juu ya mwamba ili maharamia wapate njia ya kuingia ghubani. Ndugu yangu alikuwa mtu mwangalifu. Kabla ya kuandika sura hiyo, alikwenda Marsabajda, akamwomba paroko ruhusa, akapitia vitabu vya ubatizo vya miaka yote, akahakikisha kwamba jina la ukoo atakalompa msaliti, yaani Falkun, halikuwahi kuwapo pale hata mara moja. Alirudi nyumbani ameridhika kabisa. Kisha, ili mtu huyo aonekane wa kweli, kwa kuwa hakuna mtu wa kwetu asiye na lakabu, alimpa na lakabu, akamwita Ta' Ġorru.

Lakabu haziandikwi katika vitabu vya ubatizo. Zipo midomoni. Mtu wa Marsabajda anaweza kuishi miaka sabini bila kujua jina la ukoo la jirani yake, lakini lakabu ya nyumba ile anaijua tangu anyonye, na ndiyo inayorithiwa, na ndiyo inayoolewa. Ndugu yangu aliyajua haya kama tunavyoyajua sote, na hata hivyo, baada ya miaka ya shule, alikwenda kutafuta watu kwenye karatasi. Miaka ya kwanza aliniambia kwamba neno lile alilitunga mwenyewe. Baadaye sana aliniambia kwamba pengine alilisikia utotoni, kwenye soko la samaki, likiitwa kwa sauti kubwa na mtu aliyekuwa akimtafuta mwenzake. Hakujua, nami sijui.

Nyumba ya Ta' Ġorru ilikuwapo Marsabajda. Ilikuwa nyumba ya Spiru Bezzina, mvuvi wa kamba na pweza, mwenye wana wawili wa kiume na binti mmoja, Vitor, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1889, ambaye mwaka huo wa 1909 alikuwa amechumbiwa, na tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa kanisani mara mbili.

Kipande cha kumi na nne kilisomwa Jumapili ya kwanza ya mwezi Aprili. Bwana Nazju alinisimulia yaliyotokea, bila kuficha, na nayaandika kama alivyoyasema. Alipolitamka jina hilo mtu mmoja wa nyuma akasema, "He! Spiru! Kumbe ni babu yako!" Watu wote wakacheka, na Spiru naye akacheka, akanyanyua bilauri yake ya divai akasema, "Ni kweli, jamani, na aliwauza bei rahisi, maana angalieni suruali yangu." Wakacheka tena, wakampigapiga mabegani. Ulikuwa utani wa kawaida wa ukumbini, na ungekwisha jioni ile kama ungekuwa utani tu.

Lakini nyumba zile, kama nilivyosema, zilikuwa na majina ya watu wasiorudi, na kwa karne nyingi hakuna aliyejua maharamia waliipataje njia, kwani mdomo wa ghuba ile ni mwembamba na una miamba. Sasa kitabu kilikuwa kimewaambia. Kilikuwa kimechapwa, kilikuwa na tarehe, kilikuwa na jina la paroko wa zamani ambalo lilikuwa jina la kweli, na mwandishi alionekana kwa macho yao akitoka kanisani baada ya kusoma vitabu vya zamani. Wangeaminije vinginevyo? Wiki iliyofuata mtu aliweka taa kuukuu kizingitini kwa Spiru. Wiki nyingine zikawa taa mbili. Wavuvi waliacha kufunga mashua zao karibu na yake, na samaki walipoadimika kiangazi kile, ilisemekana wazi sokoni ni kwa sababu gani. Mama yake mchumba alikwenda kwa Spiru mchana kweupe, akasimama barabarani, hakuingia, akasema kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, "Mwanangu simpi mwanamke wa taa. Nyumbani kwangu kuna giza la kutosha." Tangazo la tatu la ndoa halikusomwa.

Bwana Fredu Psaila, aliyekuwa mchumba huyo, alikuja juzi kuuaga mwili, na nilimuuliza kama angependa nisilitaje jina lake. Akasema, "Litaje, Mwalimu. Watu husema mama ndiye aliyekataa. Mama alisema, lakini mimi ndiye niliyenyamaza, na nilikuwa na ndevu tayari."

Ndugu yangu hakujua lolote kati ya hayo hadi miezi mingi baada ya kipande cha mwisho kutoka, kwani yeye alikuwa Isla, na habari alizoletewa zilikuwa za idadi ya nakala. Alipata kujua mwezi Februari 1910, pale Spiru Bezzina alipoiuza mashua yake na kupanda meli ya Tunis pamoja na wanawe wawili, na baharia mmoja akaja kumsimulia Wistin boharini kama kichekesho, "Bwana Wistin, msaliti wako amekimbia mwenyewe, huna haja ya kumnyonga kwenye toleo la pili." Spiru hakurudi tena. Alifia Sfax mwaka 1917. Vitor alibaki Marsabajda na shangazi yake, akisuka lesi.

Tarehe 29 Juni 1910, siku ya Mtakatifu Petro, ambayo ndiyo sikukuu ya Marsabajda, ndugu yangu alikwenda kwa miguu hadi mlango wa nyumba ile, nami nilifuatana naye, hivyo niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Vitor alikuwa amekaa kizingitini na mto wa lesi magotini. Hakusimama. Alimtazama tangu viatuni hadi kofiani, akamuuliza, "Wewe ndiye Bwana Wistin wa kitabu?"

"Ndiye mimi, Dada Vitor."

"Karibu. Wanasema una akili nyingi. Basi niambie, huyo babu yangu alikuwa akiwasha taa kwa mafuta gani? Maana sisi hata ya kukaangia hatujawahi kuwa nayo ya kutosha."

Ndugu yangu akasema, "Nilitunga. Hakuna taa. Niliitunga mimi, nimekuja kuomba radhi."

Vitor hakuinua macho tena, mikono yake ikaendelea kucheza na vijiti vya lesi, akasema, "Mimi najua ulitunga. Unaniambia mimi wa nini? Kawaambie wao."

Basi akaenda kuwaambia. Alipanda kwenye jukwaa la bendi, uwanjani, katikati ya sikukuu, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya sita, akawaambia kwamba taa haikuwapo, kwamba Ta' Ġorru ni jina alilolitia mwenyewe, kwamba hajui ni nani aliyewaonyesha maharamia njia na hakuna ajuaye. Kwanza walimpigia makofi kwa kuwa walifurahi kumwona. Walipomwelewa, makofi yalikoma. Mmoja akapiga kelele, "Wamemtisha!" Mwingine, "Mpeni divai, jua limempiga!" Na Bwana Nazju, ambaye alimpenda kuliko wote, alimshika mkono akamteremsha taratibu, akamwambia, "Bwana Wistin, usihangaike. Kitabu chako tunakijua kuliko wewe."

Tulirudi Isla kwa miguu. Tangu siku hiyo ndugu yangu hakuandika riwaya nyingine, ingawa sura nne za riwaya ya pili zilikuwa tayari na mwenye kiwanda cha chapa alizililia kama mtoto.

Tarehe 3 Februari 1914 alifunga ndoa hapa Isla na Ġakbina Grixti, binti wa mwokaji mikate, mwanamke mchangamfu ambaye alimfaa sana, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Stella, aliyezaliwa 1915, na Klement, aliyezaliwa 1919, ambaye sasa yuko Melbourne na ametuma simu ya rambirambi. Ġakbina alitangulia mwaka 1949. Alikuwa akisema kwamba ameolewa na mwanaume mwenye vijiji viwili, na kwamba hana wivu, ila anasikitika kwamba kile kingine kinampa huzuni tu.

Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Petro, ndugu yangu alikwenda Marsabajda. Katika toleo la mwaka 1911 alibadilisha jina la msaliti, akamwita kwa lakabu nyingine, aliyoiulizia safari hii kwa midomo, nyumba kwa nyumba, hadi akahakikisha haipo popote visiwani. Haikusaidia. Watu walisema wachapaji wamekosea, na msomaji alipofika mahali pale aliliacha jina lililoandikwa na kulitamka la zamani. Mwaka 1927 vijana wa parokia waliigiza kitabu hicho jukwaani, kwa jina jipya, ndugu yangu akiwa amekaa mstari wa mbele, na mwigizaji alipotoka na taa mkononi akajitaja, ukumbi mzima uliguta, "Siyo wewe! Ta' Ġorru! Ta' Ġorru!" mpaka kijana wa watu akatweta, akasema kwa unyonge, "Haya, basi, Ta' Ġorru," ndipo mchezo ukaendelea. Miaka ya thelathini, lugha yetu ilipopata heshima serikalini, mabwana wa elimu walitaka kitabu kiingizwe mashuleni, nami nilikuwa miongoni mwa walioliunga mkono jambo hilo, lakini alikataa kata kata. Aliniuliza, "Indrì, darasani Marsabajda, siku ya sura ya kumi na nne, mtoto wa jamaa za Vitor atakaa dawati lipi?" Walitaka pia kumwekea kibao cha marumaru, akakikataa, na baadhi ya mabwana hao walikufa wakiamini kwamba alikuwa na kiburi.

Mwaka 1941, tulipohamishwa kutoka Isla kwa sababu ya mabomu, familia ya ndugu yangu ilipewa vyumba viwili Marsabajda. Hakuvichagua. Huko, mchana mmoja ndani ya pango la kujihifadhi, mama mmoja alikuwa akiwatuliza watoto kwa kuwasimulia *Mateka wa Ghuba Nyeupe*, kwa moyo, bila karatasi, na alipofika kwenye mwamba, Wistin alisimama. Vitor alikuwa hapo hapo, amekaa na lesi yake, akiwa na miaka hamsini na miwili. Ndugu yangu aliwaambia watoto kwamba yeye anajua hadithi hii kwa namna nyingine, akawasimulia kwamba hakukuwa na msaliti, maharamia waliingia kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kali na bahari shwari, na hakuna wa kulaumiwa.

Watoto walimvumilia kidogo. Kisha msichana mmoja akasema, "Babu, siyo hivyo."

"Ndivyo ilivyo, mjukuu wangu."

"Siyo! Ni Ta' Ġorru aliyewasha taa. Wewe hii hadithi huijui."

"Halafu ya kwako haina utamu," akasema mwingine.

Stella, aliyekuwapo, anasema watu wazima waliinamisha vichwa, ndipo Vitor akacheka, cheko la kweli, akawaambia watoto, "Mwacheni mzee, bado anajifunza." Halafu akamsogezea marehemu nusu ya mkate wake wenye mafuta. Katika miaka yote ile, hicho ndicho kitu pekee alichowahi kumpa, na ndugu yangu alikisimulia mara nyingi kuliko alivyosimulia habari ya ndoa yake. Vitor hakusema amemsamehe. Ndugu yangu aliporudi mlangoni kwake baada ya vita na kumwuliza, Vitor alimjibu kama zamani, ila kwa upole zaidi, "Si mimi, Bwana Wistin. Wao."

Marehemu alistaafu mwaka 1942. Afya yake ilikuwa nzuri hadi Agosti 1957, alipopata mshtuko wa moyo, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akiwa dhaifu. Nia yake ilikuwa kupanda tena kwenye jukwaa la bendi ya Marsabajda sikukuu ya mwaka huu, na Bwana Ġiljan Bonello, kwa wema wake, alikuwa amekubali. Mwezi Desemba Daktari Carbonaro alimwambia ukweli, kwamba hataufikia mwezi Juni. Aliniita, akaniambia niketi na kalamu, akasema, "Basi utawasomea wewe, siku hiyo hiyo ya kunizika. Mazishini watu hawazomei." Alifariki nyumbani kwa binti yake, hapa Isla, tarehe 2 Machi, Jumapili, wakati wa Misa ya asubuhi, akiwa amepokea sakramenti, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Maneno yake, aliyoyatamka tarehe 20 Desemba 1957, ni haya, wala sikuongeza kitu:

"Mimi, Wistin Xiberras, nawaambia watu wa Marsabajda, walio hai na watakaosimuliwa, kwamba taa ya sura ya kumi na nne niliiwasha mimi, mezani kwangu, Isla, mwezi Februari 1909, nikiwa na chai pembeni. Nilihitaji mtu mbaya ili Karlu aonekane mwema. Mababu zenu walichukuliwa, hilo ni kweli, na anayetaka kujua ni nani aliyewauza hatajua, nami sikuwa na haki ya kumpa jibu la uongo mtu aliyeulizia wafu wake. Nyumba ya Ta' Ġorru haikumuuza mtu. Spiru Bezzina aliondoka kwao kwa sababu yangu. Vitor Bezzina hakuolewa kwa sababu yangu. Mkinisomea, someni hivyo. Kama hadithi itapoteza utamu, ipoteze."

Jana Bwana Nazju aliniomba nafasi ya kujibu, kwa niaba, alisema, ya kitabu. Nimemkatalia kwa heshima. Alichoniambia mlangoni nitakisema, kwa sababu ni mtu mkweli na marehemu alimpenda: "Mwalimu, nimekisoma miaka hamsini. Nitajitahidi. Lakini mdomo wangu ukifika pale kwenye mwamba, wenyewe hulitaja lile jina kabla sijauzuia."

Familia inamshukuru Daktari Alfons Carbonaro, aliyekuja kila alipoitwa na mara nyingine bila kuitwa, Sista Benedikta na masista wenzake, Bwana Ruġġieru Sciriha na wafanyakazi wa chelezo waliobeba jeneza, majirani waliotuletea mchuzi, mkate na viti, bendi ya Isla kwa ukumbi huu, na watu wa Marsabajda, ambao wamesafiri na wamenyamaza.

Lala salama, kaka yangu Wistin, Mungu akupe pumziko ambalo hukulipata mezani.

Nimebaki na jambo moja. Tamko hilo ndugu yangu alitaka Vitor awe wa kwanza kulisikia, akiwa amekaa mbele, na mwezi Januari nilipompelekea ndugu yangu habari za Vitor, aliomba hata hivyo lisibadilishwe hata neno. Vitor Bezzina, wa Ta' Ġorru, alifariki tarehe 11 Januari 1958, nyumbani kwake, Marsabajda.